"Ni" na "Si": Maoni ya Katama Mkangi katika Ukiwa, Mafuta na Walenisi

Utangulizi

Miongoni mwa maswali yanayowasumbua watahiniwa wa Fasihi ya Kiswahili ni lile linalowataka wafafanue msimamo wa mwandishi. Wengi huliendea kwa njia mbili za mkato. Kundi la kwanza huchukua maneno ya mhusika anayependeza na kuyatia kinywani mwa mwandishi. Kundi la pili huchukua wasifu, yaani mwandishi alizaliwa wapi, alifungwa lini na aligombea kiti gani, kisha huubandika juu ya kitabu kama stempu juu ya bahasha. Majibu ya aina hii huwa marefu na alama zake huwa chache, kwa kuwa mtahiniwa hajaisoma kazi yenyewe.

Makala haya yananuia kulichunguza tatizo hilo kwa kumtumia mwandishi mmoja wa Pwani ya Kenya, Katama Mkangi, mwana wa Kilifi aliyetuachia riwaya tatu: Ukiwa (1975), Mafuta (1984) na Walenisi (1995). Mkangi anafaa kwa sababu hakuwa mtu wa kuficha maoni yake. Alikuwa nayo kuhusu siasa, historia, uhusiano wa watu na hata aina ya hadithi ambazo umma unastahili kusimuliwa. Kwa hiyo kishawishi cha kumfanya yeye mwenyewe kuwa jibu ni kikubwa. Hoja yetu ni mbili. Kwanza, maoni yake yenye nguvu zaidi hayamo katika hotuba za wahusika wake. Yamo katika majina na umbo la kazi zake. Pili, maoni hayo ni madai yanayopaswa kupimwa, na mwanafunzi ana haki ya kuyakataa iwapo ana ushahidi.

Mwandishi na mazingira yake

Mkangi alizaliwa Ribe, Kilifi, mwaka 1944. Ribe ni mahali ambapo wamisionari wa Kimethodisti walijenga kituo mwaka 1862, na kwa hivyo shule na Biblia vilifika huko mapema kuliko sehemu nyingi za nchi. Alisomea elimujamii akaifundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1983 kilichapishwa kitabu chake cha kitaaluma kinachochunguza jinsi mageuzi ya umiliki wa ardhi na kampeni ya familia ndogo yalivyowaathiri Wataita. Mwaka 1986, katika msako wa serikali ya Rais Moi dhidi ya waliodaiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, alitiwa kizuizini. Mwaka 1997 aligombea urais kwa tikiti ya chama cha Kenya National Congress na hakufikia asilimia 1 ya kura. Alifariki mwaka 2004.

Mazingira ya Kilifi yana historia ambayo mwalimu hawezi kuiruka. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi katika ukanda wa Pwani wayawasilishe ili yasajiliwe. Jamii nyingi za Mijikenda, ambazo ardhi yao ilikuwa ya ukoo na wala si ya mtu mmoja mwenye karatasi, zilibaki nje ya daftari hilo. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya Serikali ya Kikoloni. Miaka mitano baadaye, 1913, Mekatilili wa Menza aliwahamasisha Wagiriama wakatae kutoa vijana wao kwa kazi ya kulazimishwa. Alikamatwa, akapelekwa Kisii, akatoroka mwaka 1914 na, kama inavyosimuliwa, akarudi nyumbani kwa miguu. Mwaka huo huo Waingereza walilipua Kaya Fungo na kuwafukuza Wagiriama kutoka ukingo wa kaskazini wa Mto Sabaki. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 ulikuta watu wengi wa Malindi na Kilifi wakiitwa maskwota katika ardhi ambayo babu zao walizikwa. Tume ya Ndung'u iliwasilisha ripoti yake ya unyakuzi wa ardhi ya umma mwaka 2004, na Katiba ya 2010 ikaunda Tume ya Kitaifa ya Ardhi, lakini suala la hatimiliki bado linazungumzwa katika kila kampeni ya Pwani.

Mtahiniwa aelewe kwamba habari hizi ni mandharinyuma tu. Zinatusaidia kujua ni maswali gani yaliyokuwa hewani mwandishi alipokuwa akikua. Majibu yake tutayatafuta vitabuni.

Majina matatu ya neno moja moja

Jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba kila riwaya ya Mkangi ina jina la neno moja, na kila neno lina zaidi ya maana moja. Tuyachukue majina hayo kwa zamu.

(a) Ukiwa na maoni kuhusu mahusiano

Ukiwa ni riwaya ya mapenzi ya vijana waliosoma. Kama nomino, "ukiwa" ni hali ya kuachwa peke yako, na watu wa Pwani hulitumia pia kwa mahali palipohamwa na watu. Msomaji wa Malindi ana mfano karibu naye: mji wa Gede, ambao kuta zake, misikiti yake na visima vyake vimesimama msituni karne nyingi baada ya wenyeji kuondoka. Mji huo una ukiwa. Kumpa kijana aliyeachwa neno lile lile ambalo hupewa mji uliohamwa ni kusema kwamba jeraha la mapenzi si jambo la watu wawili peke yao. Kuna kilichomwondoa mtu pale alipokuwa.

Aidha, neno hilo linaweza kusomwa kama kitenzi: u-ki-wa, yaani nafsi ya pili umoja, kiambishi cha masharti, na mzizi "wa". Ukiwa na elimu, ukiwa na kazi, ukiwa na fedha. Hatudai kwamba mwandishi aliukusudia mchezo huu. Tunadai kwamba lugha inauruhusu, na kwamba unaafikiana na mtazamo wa mwanaelimujamii: mapenzi ya vijana wa miaka ya mwanzo ya uhuru yalikuwa na masharti, na masharti hayo yaliwekwa na shule, mji na mshahara. Elimu ile ile iliyowakutanisha vijana hao ndiyo inayoweza kumpeleka mmoja mbali na mwenzake.

Mtahiniwa akiulizwa maoni ya Mkangi kuhusu mahusiano, asiishie kusema kwamba mwandishi anapinga usaliti. Nani aliyewahi kuandika riwaya ya kuutetea? Aseme kwamba mwandishi anautafuta mzizi wa usaliti nje ya moyo wa mtu, katika mpangilio wa jamii. Kisha ajiulize kama maelezo hayo yanatosha. Je, mtu aliyemwacha mwenzake anaweza kujitetea kwamba ni jamii iliyomtuma? Hapa ndipo mjadala wa kweli unapoanza.

(b) Mafuta na maoni kuhusu siasa

Mafuta ilichapishwa mwaka 1984. Miaka miwili nyuma, Juni 1982, Kenya ilikuwa imefanywa nchi ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria, na Agosti mwaka uo huo kukawa na jaribio la mapinduzi lililoshindwa. Hao walioandika katika kipindi hicho walijifunza kusema kwa mafumbo, na riwaya hii nayo inaegemea istiari.

Fikiria upana wa neno lenyewe. Kuna mafuta ya kupikia, ya taa, ya gari na ya kupaka. Kuna mafuta mwilini mwa aliyeshiba. Kuna msemo wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, yaani kumridhisha kwa kitu ambacho hakipo. Tena mafuta hayachanganyiki na maji. Hata ukiyakoroga, baada ya muda hupanda juu yakatulia. Mwandishi aliyetaka neno la Kiswahili la kuwaelezea wachache walioelea juu ya umma asingelipata jingine bora zaidi.

Kwa msomaji wa Kilifi, nchi ya minazi, kuna la ziada. Mafuta ya nazi hayadondoki yenyewe. Sharti nazi ipandiwe, iangushwe, ifuliwe, ivunjwe, ikunwe na ikamuliwe. Mashine ya zamani ya kukamulia mafuta ya ufuta mwambaoni iliitwa shinikizo, na neno hilo hilo leo hutumiwa magazetini kumaanisha kulazimishwa na wenye nguvu. Kwa hivyo mafuta hayawezi kutajwa bila kuuliza ni nani anayekamua na ni nani anayekamuliwa. Swali la siasa limo ndani ya jina kabla ya ukurasa wa kwanza kufunguliwa.

(c) Walenisi na maoni kuhusu historia

Walenisi ndiyo kazi yake inayojadiliwa zaidi. Dzombo, mtu aliyehukumiwa kufa, anarushwa angani katika chombo ambacho kilikusudiwa kuwa kaburi lake. Badala ya kufa anafika katika ulimwengu wa watu walio sawa, na huko anakutana na akina Mtu-Binadamu na Fikirini wanaomweleza jinsi wanavyoishi.

Jina la riwaya ni sentensi iliyounganishwa: wale ni sisi. Mwalimu anaweza kulichanganua ubaoni. "Wale" ni kiwakilishi kiashiria cha mbali. "Ni" ni kitenzi kishirikishi kipungufu. "Sisi" ni kiwakilishi cha nafsi ya kwanza wingi. Sentensi hiyo inaufuta umbali uliopo kati ya neno la kwanza na la mwisho. Na pindi inapoandikwa kama neno moja linaloanza na "Wa-", inafanana na jina la jamii: Wagiriama, Waribe, Waswahili, Walenisi. Mkangi ameiunda jamii ambayo jina lake zima ni tangazo la kwamba hakuna wengine.

Sasa "wale" ni akina nani? Kama ni watu wenye heri wa ulimwengu ule wa usawa, basi sentensi inatuahidi: hata sisi tunaweza kuwa vile. Kama ni wanaotukandamiza, basi inatushtaki: wakandamizaji hawakutoka mwezini, wametoka kwetu. Yuko msomaji atakayelisikia hata neno "wale" la kitenzi kula, na katika Kenya, ambapo kuingia serikalini huitwa kwenda kula, usomaji huo haushangazi. Riwaya yenye jina kama hilo haimruhusu msomaji wake akae pembeni akihesabu makosa ya wengine.

Historia imo pia katika majina ya wahusika. Dzombo ni jina la Kimijikenda, na ni jina la kilima kilichoko Kwale. Sauti yake ya kwanza, "dz", haimo katika silabi za Kiswahili sanifu, ndiyo maana watahiniwa wengi huliandika "Zombo" au "Dhombo". Mkangi angeweza kumwita shujaa wake Juma au Hamisi. Amemchagulia jina ambalo ulimi wa Kiswahili sanifu lazima ujikunje kulitamka. Fikirini ni jina la kawaida la watu wa Pwani, lakini pia ni amri kwa wengi: fikirini nyote! Mzizi wake umetoka katika Kiarabu, na kiambishi chake cha mwisho ni cha Kibantu. Mtu-Binadamu nalo linaunganisha neno la Kibantu, mtu, na neno la asili ya Kiarabu, binadamu, yaani mwana wa Adamu. Maneno hayo mawili yana maana moja, hivyo kuyaweka pamoja kunaonekana kama kurudia bure. Lakini kistari hicho kifupi kimebeba historia ndefu ya mwambao, ambapo watu wa asili mbili wameishi mlango kwa mlango, wakioana, wakiuziana na wakati mwingine wakimilikiana. Kistari kinaunganisha bila kufuta upande wowote. Hayo ndiyo maoni ya Mkangi kuhusu historia ya Pwani, na ameyasema kwa alama moja ya uandishi.

Tukirejelea umbo la safari ya Dzombo, tutaona kwamba nalo lina mizizi nyumbani. Utawala unaomwogopa mtu humtupa mbali. Mekatilili alitupwa Kisii. Waliotiwa vizuizini miaka ya 1980 waliondolewa machoni pa jamaa zao. Dzombo anatupwa nje ya dunia kabisa. Hata hivyo, kule mbali kunakokusudiwa kuwa mwisho wake kunageuka kuwa mahali pa kujifunzia. Wazo hili ni la kisanaa na la kisiasa kwa pamoja, nalo lina uzito kuliko hotuba yoyote inayotolewa na mhusika.

Chombo cha angani na utamaduni wa umma

Kuna wahakiki wanaoona kwamba kisa cha chombo cha angani ni cha kigeni, kimeazimwa kutoka sinema za Marekani, na hakimfai mwandishi wa Kiafrika anayetaka kuzungumzia ukweli wa nchi yake. Pingamizi hili linastahili kujibiwa kwa mambo mawili.

Kwanza, fasihi ya Pwani inaijua safari ya kupaa. Kisa cha Miraji kimesimuliwa katika tenzi na kusomwa misikitini na majumbani kwa vizazi vingi. Ngano za Mijikenda na za Waswahili zimejaa watu wanaoingia kuzimu, visimani au chini ya bahari, wakakuta nchi yenye taratibu nyingine. Dzombo anafuata njia ya kale kwa chombo kipya.

Pili, chombo hicho si kigeni Kilifi kama inavyodhaniwa. Kaskazini ya Malindi, katika bahari ya Ngomeni, Waitaliano walijenga jukwaa la San Marco, na kuanzia mwaka 1967 hadi 1988 roketi zilirushwa kutoka hapo kupeleka setilaiti angani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za Jamhuri, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, nayo ikapewa jina la Uhuru kwa heshima ya Kenya. Kwa hivyo, mvuvi wa Ngomeni aliona roketi ikipaa kabla ya wasomi wengi wa miji mikubwa ya dunia. Hatusemi kwamba Mkangi aliichukua riwaya yake kutoka huko. Tunasema kwamba katika wilaya aliyozaliwa, chombo chenye jina Uhuru kilipaa juu ya vijiji ambavyo watu wake wengi hawakuwa na hati ya shamba walilolilima. Hakuna haja ya kwenda Marekani kutafuta kinaya.

Hapa tunapata maoni ya Mkangi kuhusu utamaduni wa umma. Profesa huyu hakuudharau msisimko wa hadithi ya kusafiri na kuponea chupuchupu. Aliichukua hadithi ambayo kijana angeisoma usiku kwa taa ya koroboi na kuipakia mzigo wa falsafa. Kama mzigo ulizidi uwezo wa chombo, hilo tutaliona sasa.

Kasoro ambazo mwalimu asizifiche

Kupenda kazi ya mwandishi wa kwenu hakukuzuii kuona udhaifu wake. Udhaifu mkuu wa Walenisi ni kwamba wenyeji wa ulimwengu mpya wanaeleza mno. Majina ya kimajazi tuliyoyasifu yana hatari yake: mhusika anayeitwa Fikirini huenda akaishia kuwa fikra tu, bila njaa, bila wivu, bila kicheko. Katika sehemu kama hizo, msomaji anahisi kwamba ameingia katika ukumbi wa mihadhara. Profesa anamnyang'anya mtunzi kalamu.

Chanzo cha udhaifu huo kiko katika aina ya riwaya yenyewe. Hadithi huishi kwa migogoro, na ulimwengu uliokwisha kuiondoa migogoro unamkosesha msimulizi riziki. Dzombo anapokuwa hatarini tunamfuata pumzi juu. Anapofika kwenye usalama inabidi aulize maswali na kujibiwa. Tatizo hili limewakabili waandishi wengi wa ulimwengu waliojaribu kuichora jamii kamilifu, tangu Thomas More alipoandika kisiwa chake cha Utopia mwaka 1516.

Swali jingine linahusu usawa wa jinsia. Riwaya inayodai kwamba watu wote ni sawa inapaswa kupimwa jikoni na barazani. Mtahiniwa achunguze ni nani anayezungumza kwa muda mrefu zaidi, ni nani anayehudumia, na ni nani anayetazamwa badala ya kutazama. Mwandishi anaweza kuwa na maoni mazuri kuhusu wanawake huku kamera ya masimulizi yake ikiwa na mazoea ya zamani. Anayeonyesha pengo hilo kwa mifano kutoka kitabuni hajamvunjia mwandishi heshima. Amemsoma.

Fauka ya hayo, tujihadhari na kosa la kusema "Dzombo ni Mkangi". Ni kweli kwamba mwandishi alijua kuondolewa kwa watu wake. Lakini Mkangi alizuiliwa bila kufunguliwa mashtaka, na Dzombo amehukumiwa. Tofauti hiyo ina maana. Kwa kumpa Dzombo hukumu, riwaya inailazimisha serikali ya kubuni itamke waziwazi jambo ambalo serikali halisi ilipendelea kulifanya kimya. Anayewafanya hawa wawili kuwa mmoja atalikosa jambo hili. Vilevile, kura chache za mwaka 1997 si kipimo cha riwaya. Kazi ya fasihi haishindi wala kushindwa katika kituo cha kupigia kura.

"Ni" na "si" darasani

Tumefika kwenye jambo linalomgusa mwalimu wa Malindi au Kilifi moja kwa moja. Darasa lake lina watoto wa Mijikenda, wa Waswahili, wa wenye asili ya Kiarabu, na wa waliohamia kutoka bara. Historia ya ardhi inapotajwa, kila kundi lina "wale" wake. Kwa mmoja "wale" ni waliomiliki watumwa na mashamba, kwa mwingine ni wabara waliopewa hati, kwa mwingine tena ni wenyeji wanaotaka kuwafukuza. Mwaka ule ule ambao Mkangi aligombea urais, Agosti 1997, ghasia za Likoni ziliwaua na kuwahamisha watu, wengi wao wakiwa na asili ya bara. Zaidi ya miaka 10 baadaye kauli ya "Pwani si Kenya" ikavuma, na ikawapata wasikilizaji kwa sababu malalamiko yaliyoizaa yalikuwa ya kweli.

Tuziweke kauli hizo mbili ubaoni bega kwa bega. Pwani si Kenya. Wale ni sisi. Zote zina maneno matatu, na zote zimejengwa juu ya kitenzi kishirikishi. Moja inatumia "si" na nyingine "ni". Zote mbili zinazungumzia dhuluma ile ile. Ya kwanza inasema dawa ni kutenganisha. Ya pili inasema kutenganisha hakutatosha, kwa kuwa atakayetudhulumu kesho huenda akawa na jina kama letu na lafudhi kama yetu.

Je, Mkangi ana haki? Mwanafunzi anaweza kujibu kwamba ni rahisi kusema "wale ni sisi" kwa mtu mwenye kazi ya chuo kikuu, na ni vigumu kwa mtu ambaye tingatinga limesimama mlangoni pake. Anaweza kuongeza kwamba sentensi hiyo, ikitamkwa na aliyenyakua shamba, inageuka kuwa kisingizio: sote ni wamoja, basi tusiulizane nani alichukua nini. Hilo ni jibu zito. Mwingine anaweza kusema kwamba sentensi hiyo haifuti deni, bali inamnyima mdaiwa nafasi ya kujificha nyuma ya kabila lake, na kumnyima mdai nafasi ya kulipiza kisasi kwa jirani asiyedaiwa. Hilo pia ni jibu zito. Mtahini mwema atawapa wote wawili alama, mradi kila mmoja awe ameiweka hoja yake juu ya kitabu.

Atakayepoteza alama ni yule anayeandika kwamba mwandishi anahimiza umoja na usawa katika jamii, kisha akaweka nukta. Sentensi hiyo inaweza kubandikwa kwenye riwaya yoyote, na kwa hivyo haisemi lolote kuhusu hii.

Hitimisho

Maoni ya Katama Mkangi kuhusu siasa, historia, mahusiano na utamaduni wa umma yanaweza kusomwa bila kutegemea hotuba za wahusika wala wasifu wake. Ukiwa unauliza ni nini kilichomwondoa mpendwa. Mafuta inauliza ni nani anayekamuliwa. Walenisi inauliza ni akina nani tunaowaita wale. Mwalimu ayachukue maswali hayo kama yalivyo, yakiwa bado yanauma, na awape wanafunzi nafasi ya kutofautiana na mwandishi kwa adabu na kwa ushahidi. Mtu aliyezuiliwa kwa sababu ya maoni yake hastahili kusomwa na watu wanaoogopa kuwa na yao.

Maswali ya kujadili

1. "Jina la kazi ya fasihi ni muhtasari wa msimamo wa mwandishi." Jadili kauli hii ukirejelea riwaya moja ya Mkangi na kazi nyingine yoyote uliyoisoma.

2. Fafanua umuhimu wa majina Dzombo, Fikirini na Mtu-Binadamu katika kuendeleza maudhui ya Walenisi. Onyesha pia upungufu wa kutumia majina ya kimajazi.

3. Linganisha safari ya Dzombo na safari yoyote ya kuingia ulimwengu mwingine katika ngano unayoijua. Ni mambo gani yanayofanana, na ni yapi aliyoyabadilisha mwandishi?

4. Eleza kwa nini ni kosa kumchukulia mhusika mkuu kuwa ndiye mwandishi, hata pale maisha yao yanapokaribiana.

5. Chagua dai moja la Walenisi ambalo hukubaliani nalo. Lipinge kwa kutumia ushahidi kutoka katika riwaya yenyewe.